Rangi ya kaki yenye uzeituni sebuleni: tuzungumze mwanga, sakafu na taa kabla ya kununua ndoo

Mwanzisha uzi, Kigamboni

Ndugu wadau, nawasalimu nyote.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila mgeni anayeingia kwangu siku hizi huuliza rangi ya sebule yetu inaitwaje na niliipata wapi. Swali la pili ni jepesi, kwani ilichanganywa dukani kwa mashine kama rangi nyingine yoyote. La kwanza ndilo linalonipa shida. Mke wangu huiita kaki. Fundi aliyeipaka aliiita kijani cha jeshi, na jirani mmoja akadakia kwa kuuliza kama tumehamia kambini. Mama yangu mzazi, alipofika kutoka kijijini, aliketi akaitazama kwa dakika kadhaa bila kusema neno, kisha akasema kwa upole kwamba inamkumbusha ukuta uliokandikwa kwa udongo na samadi ukiwa bado haujakauka vizuri. Kati ya wote, nadhani mama ndiye aliyeikaribia zaidi.

Asiyeweza kuipata akilini na achukue bahasha ya kaki ya ofisini na jani la mwembe lililoanza kukauka, kisha afikirie rangi iliyo katikati ya viwili hivyo. Si kijani, si kahawia, wala si manjano, ingawa kila moja imechangia kidogo.

Sebule yetu ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4.5 na kimo cha mita 2.9. Madirisha yake mawili yanatazama magharibi. Sakafu ni marumaru nyeupe zinazong'aa, nilizoziweka wakati nilipoamini, kama wengi wetu, kwamba nyumba nzuri ni ile inayometameta. Dari ni jipsamu nyeupe, na makochi ni ya mbao za mninga.

Kosa la kwanza nililifanya kwa simu. Niliona picha ya sebule fulani ya Ulaya, nikaipeleka dukani, muuzaji akaitazama kwenye kioo cha simu kilichoongezwa mwanga hadi mwisho, akafungua kitabu cha rangi na kunionyesha kipande kisichozidi stempu mbili. Nikakubali, nikapaka ukuta mmoja. Saa kumi jioni ukuta ule ulipendeza kiasi cha kumwita jirani aje auone. Saa mbili usiku, tulipowasha taa, ulikuwa na rangi ya mlenda uliolala, na nyuso zetu wenyewe zilionekana kama za watu waliotoka juzi kuugua malaria.

Sikuelewa kilichotokea hadi nilipoketi na mtu anayechanganya rangi kwa mkono. Alinionyesha kwamba ukitia nyeusi ndani ya manjano hupati manjano yenye giza, bali kijani cha zeituni. Ukiongeza nyekundu ya udongo kidogo, kijani hicho kinarudi kwenye kaki, na ukizidisha kinaingia kwenye kahawia. Hii ni rangi iliyojenga mpakani, kwa hiyo mwanga wowote unaoiangukia huihamisha. Jua la jioni, lenye wekundu, huivuta kwenye kahawia, na taa yenye ubuluu huivuta kwenye kijani kilichopauka. Nyeupe na rangi ya maziwa nazo hubadilika kwa taa, lakini jicho huwa linazisamehe, hii halisamehewi.

Taa zilizokuwapo zilikuwa zile nyeupe sana zilizoandikwa 6500K kwenye boksi. Herufi K ni ya kelvini: namba ikiwa kubwa mwanga huelekea ubuluu, na ikiwa ndogo huelekea unjano wa balbu za zamani, zilizokuwa karibu na 2700K. Nilizitoa zote nikaweka za 3000K, na ukuta ule ule, bila kuongezwa hata tone la rangi, ukarudi kuwa ukuta wa udongo. Kwenye boksi tazama pia alama ya CRI, inayopima jinsi taa inavyozionyesha rangi za vitu kwa uaminifu, ambapo 100 ndicho kiwango cha juu kabisa. Ukiweza kupata ya 90 usichukue ya 80 kwa tofauti ya elfu mbili tatu.

Nitaendelea na suala la jua na la sakafu baada ya kusikia maoni yenu.

Mdau, Tabata

Asante kwa kutufungulia uzi huu. Hofu yangu ni moja: nyumba zetu za mjini zimebanana, ukuta wa jirani uko mita mbili kutoka dirishani, na umeme ukikatika mchana tunakaa katika giza la asubuhi hadi jioni. Je, rangi hii haitazidisha kiza?

Mwanzisha uzi, Kigamboni

Itazidisha, na sitakudanganya. Vitabu vya rangi vya viwanda vikubwa huandika nyuma ya kila kipande namba ya kati ya 0 na 100 inayoonyesha ni kiasi gani cha mwanga kinachorudishwa na ukuta: nyeusi kamili ni 0, nyeupe kamili ni 100. Rangi ya maziwa tuliyoizoea huwa juu ya 70, wakati hii niliyopaka ina 27. Maana yake ni kwamba karibu robo tatu ya mwanga unaogonga ukuta wangu haurudi chumbani. Kwa sebule yenye madirisha mawili makubwa hilo ni faraja, hasa saa tisa mchana jua la magharibi linapoingia kama mgeni asiyebisha hodi. Kwa chumba chako kilichobanwa na ukuta wa jirani ningepaka ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na dirisha au ule ulio nyuma ya makochi, na kuta nyingine nikazipa rangi ya maziwa yenye unjano. Nyeupe tupu isiyo na unjano uiepuke, kwa sababu ikikaa kando ya kaki huifanya kaki ionekane chafu.

Hilo la rangi moja kuichafua nyingine si dhana yangu. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alilieleza mwaka 1839. Watu walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi ya kutosha. Alipochunguza akakuta kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro yoyote, bali rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizokuwa zikilidanganya jicho. Ndiyo sababu siku hizi sijaribu rangi kwa kupaka kiraka katikati ya ukuta wa zamani. Nilinunua kopo la lita moja la kila rangi kati ya tatu nilizozitamani, nikapaka vipande vya hadibodi vya sentimita 60 kwa 60, mikono miwili kila kimoja (yaani kila kimoja nilikipaka mara mbili), nikawa navihamisha: asubuhi kando ya dirisha, mchana nyuma ya makochi, usiku chini ya taa. Vilikaa siku nne. Watoto walivichoka, lakini cha tatu ndicho kilichoshinda, na sicho nilichokuwa nimekipenda dukani.

Sasa suala la jua. Miongozo mingi tunayoisoma imeandikwa na watu wa Ulaya, ambao huonya kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi na kinachotazama kusini ni cha joto. London jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo kwao ushauri huo ni sahihi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwetu jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini tangu mwezi wa tatu hadi mwanzoni mwa mwezi wa kumi, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki, na wakati wote huwa juu sana kiasi kwamba paa hulizuia lisiingie dirishani. Kwa hiyo kaskazini na kusini hazinisumbui. Kinachonihusu ni mashariki na magharibi, kwa sababu ni asubuhi na jioni tu ambapo jua hushuka hadi kwenye kimo cha dirisha. Chumba cha mashariki kitakupa kaki yenye manjano wakati wa chai, kisha kijani kilichotulia siku nzima. Cha magharibi ni kinyume chake.

Fundi mstaafu, Morogoro

Mwanangu, nimesoma maelezo yako na nimeyapenda, ila umezungumzia taa sana na ukuta kidogo. Rangi nyepesi husitiri dhambi za fundi wa lipu. Rangi yako haisitiri kitu.

Kwanza, lipu mpya ya saruji ina ukali wa alkali unaofika 12 hadi 13 kwenye kipimo cha pH, ambacho mwisho wake ni 14, kwa hiyo iache wiki nne kamili kabla ya kupaka chochote, na wakati wa masika uongeze. Ukiharakisha, maji yaliyomo yatatoka na chumvi yake. Kwenye ukuta mweupe chumvi hiyo huionei aibu, lakini kwenye kaki itasimama kama unga wa muhogo uliomwagika. Ninyi wa Kigamboni mna mchanga wa karibu na bahari na kuta zinazopandwa na unyevu kutoka chini. Kama msingi hauna karatasi ya kuzuia maji, usipake rangi iliyokolea hadi upate dawa ya unyevu huo. Kubandua chumvi kwa brashi kavu na kupaka juu yake ni kujidanganya.

Pili, muulize muuzaji manjano iliyomo inatokana na nini. Manjano inayotokana na oksidi ya chuma haipauki kwa jua wala haiogopi ukali wa saruji. Zipo manjano nyingine zinazong'aa zaidi, za kemikali za kikaboni, ambazo baadhi yake hupauka upesi. Mchanganyo wako ukitegemea hizo, baada ya muda manjano itaondoka na nyeusi itabaki, na kaki yako itakuwa kijivu upande wa dirishani huku nyuma ya kabati ikiwa bado kaki. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na mwenye nyumba humlaumu fundi.

Tatu, rangi iliyokolea haichanganywi kwenye besi (rangi ya msingi inayotiwa vikolezo dukani) ile ile ya rangi nyepesi. Besi yake ina titani, ule unga mweupe wa rangi, kidogo, na titani ndiyo inayofunika. Kwa hiyo usijipangie mikono miwili. Panga mitatu, au anza na praima, ile rangi ya kutangulia, iliyotiwa ukijivu ili ukuta wa chini usichungulie. Makopo yote yamwage kwenye pipa moja, uyakoroge pamoja kabla ya mkono wa kwanza, kwa sababu mashine mbili, au hata mashine moja kwa siku mbili, hazitoi rangi iliyo sawa kabisa.

Mwanzisha uzi, Kigamboni

Shikamoo mzee wangu. Laiti ungekuwapo miezi mitatu iliyopita.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nikitoa milango na madirisha, kuta zangu zina mita za mraba 48. Kopo liliandikwa kwamba lita moja inatosha mita za mraba 10, kwa hiyo mkono mmoja ungekula lita 4.8 na mikono miwili lita 9.6. Nikanunua galoni tatu za lita nne, jumla lita 12, nikajiona nimebakiza akiba ya kutosha. Baada ya mikono miwili alama za rola zilikuwa bado zinaonekana na rangi ya zamani inachungulia kwenye pembe, kama ulivyosema. Mkono wa tatu ulihitaji lita 4.8 nami nilikuwa na 2.4. Nikarudi dukani kuchukua galoni ya nne, na nilipopaka kiganja kimoja kando ya kuta zilizokwisha kukamilika nikaona wazi kwamba ilikuwa na ukijani zaidi kidogo. Muuzaji alisisitiza kwamba namba ni ile ile. Namba ilikuwa ile ile kweli. Rangi ndiyo iliyokuwa nyingine.

Fundi wangu aliniokoa kwa busara moja: hakuchanganya rangi hizo mbili kwenye ukuta mmoja. Galoni mpya aliitumia kwenye kuta mbili nzima, akianza kwenye kona na kuishia kwenye kona, kwa kuwa kuta mbili zinazokutana kwenye kona hupokea mwanga usiofanana na jicho hutarajia tofauti. Mpaka leo hakuna mgeni aliyegundua, na baada ya uzi huu bila shaka watagundua wote.

Mdau, Mombasa

Naomba kuchangia upande wa nyumba za kale za pwani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hizi rangi za plastiki mnazozizungumzia hazizifai. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukiufunika kwa rangi inayoziba, unyevu hubaki ndani, na baada ya masika mbili rangi huvimba na kubanduka kwa vipande vikubwa ikiondoka na chokaa yake.

Kaki hii inapatikana kwa njia ya wazee. Chokaa iliyozimwa na kulowekwa muda mrefu hutiwa unga wa oksidi ya manjano na nyeusi kidogo, unga usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, kisha hupakwa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, ukuta ukiwa umenyunyiziwa maji. Ikiwa mbichi huonekana imekolea mno. Ikikauka hupoa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo jaribu kwanza na usubiri siku mbili kabla ya kuhukumu. Matokeo yake hayalingani na ya rola. Yana mawingumawingu, sehemu imekolea na sehemu imefifia, na nadhani rangi ya udongo hupendeza zaidi ikiwa na kasoro hiyo kuliko ikiwa imenyooka kama karatasi.

Mdau, Njombe

Huku kwetu tuko juu ya mita 1,800, na mwezi wa sita na wa saba ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Mwanga wa ukungu ni wa kijivu. Nilipaka rangi inayofanana na yenu kwenye chumba cha kulia, nikaona imekuwa kama jivu lililotiwa maji. Mwanzisha uzi anasema jua lake la magharibi linaivuta kwenye kahawia. Sisi hatuna jua la kutuvutia kitu miezi hiyo. Nilichofanya ni kurudi dukani na kuchagua kipande kilichopanda hatua mbili upande wa manjano, ambacho dukani kilionekana kama haradali. Ukutani, chini ya ukungu, kimekuwa kaki kamili. Kwa hiyo wenzangu wa nyanda za juu msinakili namba za watu wa Pwani.

Mdau, Dodoma

Ninasoma kwa makini, lakini niseme ukweli wangu. Miaka michache iliyopita kila nyumba ilipakwa kijivu, na kabla ya hapo ilikuwa damu ya mzee ukuta mmoja na maziwa kuta tatu. Sasa ni kaki. Mitindo hii inatoka kwenye picha za watu wa nje, na sisi tunaikimbiza kwa gharama. Mwenye nyumba ya kupangisha akipaka rangi hii, mpangaji atamwambia apake upya.

Mwanzisha uzi, Kigamboni

Kuhusu nyumba ya kupangisha tuko pamoja: paka rangi ya maziwa na umwachie mpangaji uamuzi. Kuhusu mtindo, nakubali kwamba picha niliyoanza nayo ilitoka nje, na ndiyo iliyoniponza. Ila rangi yenyewe si ngeni kwetu kama kijivu kilivyokuwa. Neno kaki limetoka kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi au udongo, likapitia India hadi likatufikia na sare za askari, kisha likahamia kwenye kaptula za shule na bahasha. Vumbi lenyewe tulikuwa nalo siku zote. Wewe wa Dodoma unalijua kuliko mimi, na kama ungepaka kaki ukuta wa nje, vumbi la mwezi wa tisa lingekuja na kuondoka bila kuonekana. Kwa nje, hata hivyo, chagua iliyo nyepesi zaidi ya ile ya ndani, kwa sababu rangi iliyokolea hunywa joto, na ukuta wa magharibi unaoshinda juani utalirudisha joto hilo chumbani usiku wakati unatafuta usingizi.

Hapo hapo nijibu waliouliza kwa ujumbe nimtajie muuzaji jina gani la rangi. Usitaje jina. Kwenye kompyuta, rangi iliyosajiliwa kwa jina la kaki ni manjano hafifu kama siagi, na zeituni ni kijani kizito kisicho na udongo hata kidogo. Viwanda navyo kila kimoja kina majina yake. Taja namba. Maduka mengi yana kitabu cha RAL, mfumo wa Kijerumani ulioanza mwaka 1927, na ndani yake familia hii iko karibu na 7008, ambayo ni kaki yenye ukijivu, 6013, ambayo ni kijani cha matete, na 1020, ambayo ni manjano ya zeituni. Yangu haimo hasa katika hizo tatu. Iko kati ya ya kwanza na ya mwisho. Zitumie kama vituo vya basi, ushuke unapoona pako.

Mdau, Bukoba

Mjadala umekaa kwenye kuta tu. Ndani yake mnaweka nini? Nami nina jambo la kuongeza. Huku kwetu na kwa jirani zetu wa Uganda tuna lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachopondwa kwa nyundo hadi kinakuwa laini na chenye rangi ya kutu. Nimetundika kipande cha mita moja na nusu kwenye ukuta wa kaki, na wekundu wake wa udongo umeamka kuliko ulivyokuwa kwenye ukuta mweupe. Naomba tahadhari moja: kwa wazee wengi, hasa upande wa Buganda, lubugo ni vazi la heshima na pia hutumika kufungia maiti. Mama mkwe alipokiona sebuleni alisimama mlangoni kwa muda. Waulizeni wazee wenu kabla ya kutundika.

Mwanzisha uzi, Kigamboni

Asante sana kwa tahadhari hiyo, kwani ningeangukia humo humo.

Kwa upande wangu kilichokuwa kigumu zaidi ni sakafu. Marumaru nyeupe zinazong'aa hurudisha mwanga wa dirisha kwenye sehemu ya chini ya ukuta, na mwanga huo ni mweupe wa baridi. Matokeo yake ukuta ulikuwa na rangi mbili: kaki juu, na kuanzia magotini kwenda chini kijani kilichofifia. Sikuwa na uwezo wa kung'oa marumaru. Nilitandika zulia la katani la mita 3 kwa 2 mbele ya makochi na mkeka wa ukindu upande wa dirisha, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Katani imetufaa sana nchi hii tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoiingiza mwaka 1893, lakini nashangaa jinsi tunavyoisafirisha nje kisha tunatandika mazulia ya plastiki. Rangi yake ni kaki tayari, tena kaki yenye kivuli, kwa kuwa nyuzi zake hazilingani.

Mninga umenipa furaha nisiyoitegemea. Wekundu wake na ukijani wa ukuta hupingana, na kila kimoja hukikoleza kingine, kiasi kwamba wageni wameniuliza kama makochi nimeyapiga vanishi upya. Mapazia tumeweka ya kitambaa kizito cha rangi ya maziwa. Vikapu viwili vya Iringa, vya milulu, vimetundikwa juu ya televisheni. Tulijaribu mito ya kijani na ikapotea kabisa. Ya rangi ya kutu na ya bizari imekaa. Vitu vyeusi viwe vichache: kinyago kimoja cha mpingo kinatosha, viwili vinaanza kuonekana kama duka.

Mzee wangu wa Morogoro, sikukuuliza kuhusu mng'ao. Nilitumia ya mati, yaani isiyong'aa, na sasa kila mahali mtoto anapopitisha kidole panabaki mstari mweupe unaometa, hasa kando ya swichi.

Fundi mstaafu, Morogoro

Mati kwenye rangi iliyokolea huzeeka vibaya kwenye nyumba yenye watoto. Usijaribu kurudishia kiraka kwa brashi, kitaonekana kama shati lililotiwa kiraka. Kando ya swichi na kwenye korido ungetumia yenye mng'ao wa katikati, inayofutika kwa kitambaa kibichi. Yenye kung'aa kabisa usiweke, kwa sababu itaonyesha kila wimbi la lipu. Na kopo lililobaki usilitupe. Lifunge vizuri, liandike tarehe na namba ya mchanganyo kwa kalamu ya wino mzito, ulihifadhi mahali penye kivuli.

Mwanzisha uzi, Kigamboni

Nimekuelewa mzee. Kopo lipo, lina lita moja na nusu hivi ya ile galoni ya nne yenye ukijani, na tayari limepata mwenyewe. Mama, yule yule wa samadi, ameomba lipakwe chumbani kwake nyuma ya kitanda. Ukuta huo una upana wa mita 3, na kwa mikono mitatu rangi hiyo haifiki darini, kwa hiyo nitapaka nusu ukuta hadi kimo cha mita 1.5, kama zilivyokuwa zikipakwa zahanati na madarasa ya zamani, na juu yake nitaacha rangi ya maziwa iliyopo. Nimepiga hesabu mara mbili: itakula lita 1.35. Dirisha lake linatazama mashariki. Nimeshamwekea taa ya 2700K, naye amelalamika kwamba inafanana na kibatari, kisha akasema niiache hapo hapo. Picha nitaziweka mkono wa tatu ukishakauka.